Makadirio ya Kazi

Mita sita na robo kwa mita tatu na nusu.
Nimepima mara mbili. Utepe ulinaswa na miba ya dungusi,
Bi Hortensia Bedregal akaunasua
bila kukatisha maneno yake.

Ukuta ni jiwe jeupe la volkano,
lile lile lililojenga nusu ya Arequipa,
laini kwa patasi, kaidi kwa rangi:
linakunywa, halishukuru.
Nikapitisha kidole, nikakilamba. Chumvi.
Nikaandika: tungoje mvua za Februari zipite,
tungoje na Aprili iukaushe.
"Aprili nitakuwepo?" akauliza,
si kwa huzuni; kama mtu anayeulizia saa ya basi.

Anataka mlima wake.
Misti, uliosimama hapo tangu azaliwe nyumba hii,
mpaka mwaka jana Bwana Llerena wa nyuma
alipopandisha ghorofa ya tatu, matofali matupu,
vyumba vya wanafunzi, upande huu bila dirisha hata moja.
"Simlaumu. Wanafunzi nao hulala.
Lakini wewe nirudishie mlima."

Mlipaji ni mwanawe, Gonzalo, yuko Lima.
Simuni sauti yake ina haraka na adabu:
maua, dada, maua na ndege wavumaji,
nyumba zenye maua huuzika.
Hilo neno la mwisho alilishusha,
na mama yake, aliyekuwa akipukuchua maharagwe,
akaangusha punje moja, akaiokota.

Kazi ni ya nani basi? Ya anayelipa
au ya atakayeitazama?
Mwalimu wangu alizoea kusema mchoraji
hana mteja, ana ukuta tu.
Alikufa na madeni.

Siku ya pili nikabandika karatasi ukuta mzima,
nikapanda ngazi na kipande cha mkaa kutoka jikoni kwake.
Yeye hakutoka kigodani. Akafumba jicho moja:
"Anzia kushoto. Hapo kwenye ufa. Sasa panda."
Nikapanda.
"Panda."
Karatasi ikaisha.
"Panda, binti."
"Bi Hortensia, ukuta umeisha."
"Mlima haujaanza," akasema,
na kidole chake kikaendelea peke yake hewani,
kikakwea matofali ya Llerena,
kikageuka pole pole kileleni, kama anayepaka siagi,
kikateremka upande wa pili.

Nikashuka. Nikaomba kigoda.
Ni kifupi, miguu mitatu, kimelika kwa kukaliwa.
Na kutoka pale nikaona alichokiona miaka sabini na minane:
ukuta, ukuta, ukuta mweupe,
kisha, shingo ikikunjwa nyuma kabisa,
mahali ulipokuwa mlima.
Kumbe haukuwahi kuwa juu ya ukuta wake.
Hata inchi moja.

Usiku, mezani kwangu, kalamu ikigoma:

Chokaa: gunia moja.
Buluu: makopo matatu, asubuhi ya huku haina mawingu.
Zambarau iliyochanganywa na majivu, kwa miteremko.
Nyeupe kidogo; theluji yenyewe haikai.
Ngazi ndefu kuliko yangu: ya kuazima.
Ukuta wa Bi Hortensia: usiguswe.
Kwa Bwana Gonzalo: ua moja, chini, karibu na bomba.
Eneo la mchoro: la jirani.
Ruhusa:

Hapo nimeacha wazi.

Na sasa niko barabara ya nyuma, mlangoni kwa Llerena,
mkononi mfuko wa maharagwe yaliyopukuchuliwa,
"usiende mikono mitupu," aliniambia.
Nimebonyeza kengele. Nasikia ndara zikiburuzwa.
Sentensi ya kwanza bado sijaipata.
Nimejaribu: ukuta wako, bwana, unaficha.
Nimejaribu: ukuta wako, bwana, ni mzuri sana.

Anafungua, taulo begani, povu sikioni.
"Ni kuhusu kelele za wanafunzi?"